Ndege na meli hazijuani: uzi kwa wenzi wanaopanga likizo ya baharini

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi na mume wangu tumerudi kutoka safari tuliyoiwekea akiba kwa muda mrefu: ndege hadi Venice, kisha meli ya kitalii kutoka Trieste, Italia, kuteremka bahari ya Adriatiki mpaka Piraeus, bandari ya Athens. Njiani tulisimama Dubrovnik, Kotor, Corfu, Katakolon na Santorini. Nimeulizwa maswali mengi pembeni, nikaona bora niyajibu hapa ili yamsaidie kila mwenye mpango kama huu.

Kama utasoma aya moja tu ya uzi huu, isome hii. Shirika la ndege halijui kwamba una meli ya kuwahi. Meli haijui kwamba ndege yako imechelewa. Na anayekupa viza anaangalia tarehe na nchi, basi. Hajali umelipa kiasi gani. Kila mmoja ana karatasi yake. Wa kuziunganisha karatasi hizo ni nyinyi wawili, na likizo nyingi za namna hii huharibikia kwenye maungio, si baharini.

Ungio la kwanza ni siku ya kufika. Fikeni angalau siku moja kabla ya meli kuondoka. Uandikishaji wa abiria hufungwa saa moja au zaidi kabla ya meli kung'oa nanga, na ukifika gatini mlango umeshafungwa hakuna wa kumlilia. Ukinunua tiketi ya ndege kupitia kampuni ya meli yenyewe, nyingi huahidi kukusafirisha hadi bandari inayofuata ndege ikikwama, lakini soma masharti kwa macho yako, usitegemee maneno ya wakala.

Sisi usiku ule mmoja ulitufaa sana. Muda wa kubadilisha ndege njiani ulikuwa mfupi, na tulipofika Venice mkanda wa mizigo ulizunguka mpaka ukabaki na kiti cha mtoto na sanduku moja lililofungwa kamba. Begi la mume wangu halikutokea. Yeye alitaka tukapumzike kwanza, simu tupige baadaye. Nikamwambia mume wangu, humu hatutoki bila karatasi. Ndani ya ukumbi wa mizigo, kabla ya kupita forodha, huwa kuna dawati la mizigo isiyofika. Pale unajaza ripoti na kupewa namba ya kufuatilia. Yule binti wa dawatini aliuliza anwani ya hoteli. Nilimpa, kisha nikampa na ratiba ya meli, bandari kwa bandari na tarehe zake. Alinyanyua macho akasema wengi hawaitoi, halafu begi linapelekwa hotelini wakati mwenyewe yuko nchi nyingine.

Begi lilifika asubuhi kabla hatujaenda stesheni. Hata lisingefika tusingeaibika, kwa sababu tulikuwa tumechanganya nguo: nusu ya zake kwenye begi langu, nusu ya zangu kwenye lake. Wenzi wote fanyeni hivi. Dawa, miwani, chaja, nguo za kuogelea na hati zote viwe begi la mkononi, maana hata melini mabegi makubwa mnayakabidhi gatini na huenda yakafika kabini jioni.

Na mjue haki yenu. Mkataba wa Montreal wa 1999 unazibana kampuni za ndege: begi likichelewa unaweza kudai gharama za vitu vya lazima ulivyonunua, mradi uwe na risiti na upeleke madai kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi. Likija limeharibika, ni siku 7 tu. Kwa hiyo likifika lifungue, likague siku hiyohiyo.

Neno jingine kuhusu Venice. Tangu Agosti 2021 meli kubwa, zile za zaidi ya tani 25,000, haziruhusiwi kupita mbele ya uwanja wa San Marco wala kwenye mfereji wa Giudecca. Ndiyo maana safari inaweza kutangazwa kuwa ya Venice kumbe meli imefunga Ravenna au Trieste, mwendo wa saa mbili au zaidi kwa nchi kavu. Kabla ya kulipa, tafuteni jina la bandari yenyewe na gati lake, mkapime umbali kutoka uwanja wa ndege. Vilevile Roma: bandari yake ni Civitavecchia, kilomita zipatazo 70 kutoka mjini.

Nitaendelea na mambo ya melini. Maswali karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, hongera kwa kutupa darasa. Mimi na mke wangu tunaangalia njia kama hiyohiyo. Wakala anasema viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa kundi la nchi za Ulaya, ya kuingia mara moja inatosha kwa vile tunalala melini siku zote. Hii imekaaje?

Mleta uzi

Kaka, haitoshi, na tafadhali usilipe kitu chochote kabla ya kulinyoosha hili. Tazama ramani. Italia na Ugiriki ziko Schengen. Croatia nayo imeingia tangu tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo Trieste hadi Dubrovnik bado mko ndani. Kotor iko Montenegro, nchi inayotumia euro lakini haimo Schengen. Meli ikienda Kotor mmetoka. Ikifika Corfu, kisiwa cha Ugiriki, mnaingia kwa mara ya pili, na viza ya mara moja imeshakwisha. Huwezi kulala melini ukaikwepa mipaka. Kampuni ya meli yenyewe inaweza kukuzuia kupanda siku ya kwanza, na fedha hairudi.

Ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na mwambatanishe ratiba kamili ya meli ili afisa aone sababu. Montenegro yenyewe huwapokea bila viza yake wenye viza hai ya Schengen kwa ziara fupi, hilo lisikutie hofu. Maombi yanapelekwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, nchi mtakayoingilia kwanza. Sisi tulitua Italia lakini tukaomba Ugiriki, kwa sababu bandari nyingi zilikuwa za Ugiriki na tulibaki Athens baada ya meli. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila msisubiri hizo siku 15.

Halafu majina. Mke aliyebadilisha jina baada ya ndoa ahakikishe pasipoti, viza, tiketi ya ndege na tiketi ya meli vinasema jina lilelile, herufi kwa herufi. Hili mlitazame nyote wawili kwa pamoja mezani. Mmoja asome, mwingine aoneshe kidole.

Na usishangae melini wakichukua pasipoti zenu wakati wa kupanda. Kwa abiria wenye viza hilo ni kawaida, zinawekwa ofisini ili maafisa wa bandari wazikague kwa pamoja. Bakini na nakala ya karatasi na picha kwenye simu.

Mchangiaji wa pili

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Nimewahi kupanda meli hizi na sirudii. Unafika mji wenye historia ya miaka 2,000, unapewa saa nane, nusu yake umekaa kwenye basi, jioni mnahesabiwa na kurudishwa. Bora ndege, hoteli moja, mji mmoja, ukaujua.

Mleta uzi

Mkuu, kwa Roma na Florence nakuunga mkono asilimia zote. Miji ile iko mbali na bahari, na kwenda kwa meli ni kuidhulumu. Lakini kuna mahali ambako bahari ndiyo mlango wa mbele, na anayefika kwa basi anaingilia uani.

Chukua Kotor. Tuliamka kabla ya jua. Ghuba ile inaingia nchi kavu kwa mikunjo, milima imeinama pande zote mbili, na kuna mlango mmoja mwembamba, Verige, ambapo pwani na pwani zimeachana kama mita 340 tu. Meli ya sitaha kumi na kitu inapita hapo polepole kiasi kwamba tulisikia jogoo akiwika upande wa pili. Mume wangu ambaye husema na kila mtu hakusema neno. Ukishapita tu, mbele ya mji wa Perast kuna visiwa viwili vidogo. Kimoja ni cha asili, kina misonobari na monasteri. Cha pili kimejengwa na watu: mabaharia walitupa mawe pale miaka nenda miaka rudi na kuzamisha mashua kuukuu mpaka mwamba ukawa kisiwa chenye kanisa. Hadi leo kila tarehe 22 Julai jioni watu wa pale hutoka na mashua zao kwenda kuongeza mawe. Halafu meli inageuza kona, na ukuta wa Kotor unaonekana umepanda mlimani nyuma ya mji hadi kwenye ngome ya San Giovanni.

Ngazi za kupanda ngome ile ni karibu 1,350. Tulizianza mapema kabla ya joto, tukafika juu tukaiona meli yetu chini ghubani. Venice iliutawala mji huu tangu 1420 hadi 1797, na simba wa Mtakatifu Marko, nembo ya Venice, bado amechongwa kwenye mawe. Saa nane zilitosha kabisa, kwa sababu gati liko mbele ya lango la mji na hakuna basi lolote.

Kwa hiyo ushauri wangu: mnapochagua njia, msihesabu majina ya miji. Angalieni bandari ambako mnashuka na kutembea kwa miguu. Dubrovnik inahitaji basi fupi kutoka bandari ya Gruž, na ukuta wake una mita 1,940, pandeni asubuhi. Corfu mji mkongwe uko karibu. Katakolon ni kijiji, lakini Olympia, ilikoanzia michezo ya Olimpiki ya kale, ni kilomita thelathini na kitu tu. Nenda kauone ule uwanja wa mbio, wenye urefu wa mita 192 na ushei. Mstari wa mawe wa kuanzia bado upo, na mifereji miwili ambamo wakimbiaji walikuwa wakikita vidole vya miguu. Mimi na mume wangu tulisimama pale, tukakimbia hadi mwisho. Alinishinda.

Pale Santorini mjiandae. Meli haiwezi kufunga gatini. Huelea katikati ya kreta, shimo kubwa lililojaa bahari ambalo mlipuko wa volkano uliliacha mnamo mwaka 1600 hivi KK, na abiria wanapelekwa pwani kwa boti ndogo. Kutoka bandari ya zamani mpaka mji wa Fira ni mwinuko wa zaidi ya mita 200. Kuna gari la waya, kuna ngazi karibu 600, na kuna punda. Punda waacheni, jua ni kali na mizigo wanayobebeshwa inasikitisha. Sisi tulipanda kwa gari la waya mapema na kuteremka kwa miguu mchana, wakati foleni ya kushuka ilikuwa imezunguka vichochoro viwili. Tangu 2025 kisiwa kimeweka ukomo wa abiria 8,000 wa meli kwa siku, na Ugiriki inatoza kodi ya euro 20 kwa kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos miezi ya Juni hadi Septemba. Angalieni kama imo kwenye bei mliyolipa.

Mchangiaji wa tatu

Mama, mimi bahari inanilevya hata kwenye kivuko. Mume ameshikilia twende. Nifanyeje?

Mleta uzi

Pole mpenzi. Meli kubwa haichezi kama kivuko. Ina mapezi chini ya maji yanayotolewa kupunguza kuyumba. Hata hivyo chagua kabini kwa busara. Iwe katikati ya meli kati ya omo na tezi, na iwe sitaha ya chini kadiri inavyowezekana, maana juu na ncha zote mbili ndiko kunakotikiswa zaidi. Watu hukimbilia kabini ya juu yenye roshani kwa sababu ya picha. Kama bahari inakulevya, dirisha la sitaha ya chini lina thamani kuliko roshani hiyo.

Dawa ya kichefuchefu meza kabla, usisubiri uanze kuumwa. Muulize daktari wako ipi inakufaa, hasa kama una presha au mimba. Tangawizi huwasaidia wengi. Ukihisi vibaya toka nje, tazama mstari wa upeo wa macho, usilale chini na simu. Pia chagueni mwezi. Bahari ya Aegean Julai na Agosti ina upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi, na ukivuma sana nahodha anaweza kuiruka bandari kabisa. Mkataba wa tiketi unampa haki hiyo, na kwa kawaida unachorudishiwa ni tozo za bandari tu. Mei, Juni mwanzoni na mwisho wa Septemba ni shwari zaidi.

Mwambie na mume wako mapema, si kule kule, kwamba kuna siku utabaki melini naye ashuke peke yake. Hili ni la wote. Kabini ni chumba cha mita za mraba kama 15, kitanda, kioo, bafu la kugeukia kwa hesabu. Wapendanao wanahitaji nafasi. Sisi tulikubaliana kila siku kila mtu ana saa zake; yeye akasoma sitahani, mimi nikaenda kuogelea, jioni tukawa na la kusimuliana.

Mchangiaji wa nne

Nimefanya kazi jikoni kwenye meli hizi, naomba niongeze. Moja, oshani mikono kwa sabuni na maji kila mnapoingia kula. Dawa ya kupaka mikononi peke yake haiviwezi vizuri virusi vya kuharisha vinavyosambaa melini. Pili, kwenye bili mtaona bakshishi inakatwa kila siku kwa kila mtu, meli nyingi ni kati ya dola 15 na 20. Watu huenda ofisini kuifuta. Kumbukeni anayetandika kitanda chenu anafanya kazi siku saba kwa wiki kwa miezi mfululizo. Tatu, kengele ya zoezi la dharura ikilia, nendeni.

Mleta uzi

Asante sana kaka, na Mungu akulipe kwa kazi uliyoifanya. Hiyo bakshishi iwekeni kwenye hesabu tangu nyumbani ili isiwe ugomvi melini.

Na zoezi la dharura msilidharau. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa. Waliopanda Civitavecchia jioni ile walikuwa bado hawajafanya zoezi. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zikabadilishwa, na tangu 2015 lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Ishara ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Tembeeni wawili kutoka kabini hadi kituo chenu cha kukusanyikia, kwa ngazi si kwa lifti, na mkubaliane: ikitokea mko sehemu mbili tofauti, kila mtu aende kituoni moja kwa moja. Hakuna kurudi kabini kumtafuta mwenzake. Mume wangu alilipinga sana hilo. Tulilizungumza mpaka akaafiki.

Simu iwekeni hali ya ndege mkishapanda. Katikati ya bahari simu hushika mtandao wa meli, na bili yake mtaijua mkirudi. Na saa! Montenegro na Ugiriki zimepishana saa moja. Meli hutangaza usiku wa kusogeza saa mbele. Fuateni saa ya meli, vaeni saa ya mkononi, maana simu hujibadilisha inavyotaka. Muda wa mwisho wa kurudi huwa nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Meli humsubiri aliye kwenye ziara iliyoandaliwa na meli. Aliyeenda kivyake haisubiri.

Mchangiaji wa kwanza

Swali la mwisho dada. Meli inafika Piraeus alfajiri. Nikate ndege ya saa ngapi kurudi?

Mleta uzi

Usikate ya asubuhi. Usiku wa mwisho mnaweka mabegi nje ya mlango wa kabini yakiwa na lebo za rangi, na mnashuka kwa makundi kufuata rangi hizo. Acheni nguo ya kuvaa kesho yake! Kutoka Piraeus kuna treni ya metro inayokwenda moja kwa moja hadi uwanja wa ndege, kituo cha Dimotiko Theatro, karibu saa moja ya safari. Mtu asiye na haraka akate ya kuanzia saa nane mchana. Mkiweza kulala Athens, laleni, mkapande Acropolis, kilima chenye mahekalu ya kale. Siku hizi tiketi zake ni za saa maalumu na kuna ukomo wa watu 20,000 kwa siku, kwa hiyo nunueni kabla, na chagueni ile ya saa mbili asubuhi.